Gome la njano, mti wa njano

Pitisha kiganja kwenye shina la mgunga wa njano, ule mti mrefu wa kando ya maji pale Mto wa Mbu, kisha kigeuze ukitazame. Kimejaa unga. Ni unga laini kama poda anayopakwa mtoto baada ya kuoga, na rangi yake iko kati ya ndimu iliyoiva na jani changa la mgomba. Siku ya kwanza kuuona nilidhani nimepata rangi ya bure: mtu angeukwangua, angeuchemsha, angechovya vitambaa akauza. Nikajifutia mkono kwenye suruali. Kabla sijafika garini ulikuwa umeshapukutika wote, suruali imebaki na rangi yake ya jana.

Kutoka hapo barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, inapita Rhotia, inaingia Karatu mjini, halafu inakwenda hadi lango la Lodoare na kuukwea ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Ndiyo njia ya watalii, na wengi huipita wakiwa wameshasoma kitabuni kwamba mti ule unaitwa mti wa homa. Jina hilo ni uzushi. Mti haukumpa mtu yeyote homa, na njano yake ni ya kutazamwa tu. Ile njano yenye kazi, inayotia rangi na kunywewa kwenye supu, ipo katika nchi hiyohiyo, ila imejificha chini ya gome baya lenye vigutu na miiba ambalo hakuna anayesimamisha gari kulipiga picha.

Msitu wa Lerai

Ukishuka ndani ya kreta kwa njia ya Seneto na kulizunguka Ziwa Magadi upande wa kusini magharibi, unaukuta msitu wa Lerai. Jina ni la Kimaasai. Olerai ndiyo mgunga huu wa njano, na msitu umeitwa kwa miti yake, kama vile mlima wa Oldeani uliopo jirani ulivyoitwa kwa mianzi. Sakafu ya kreta ina kilomita za mraba 260 hivi, kuta zinazoizunguka zina kimo cha karibu mita 600, na sehemu kubwa ya sakafu hiyo ni nyasi tupu. Ndiyo maana Lerai huonekana kutoka mbali, mstari wa miti uliosimama mahali ambapo miti haikutarajiwa. Tembo dume wazee, wale ambao pembe zao zinakaribia kugusa ardhi, hupenda kushinda humo.

Binadamu nao walipapenda. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya kreta, mmoja upande wa mto Munge na mwingine upande wa Lerai. Wamaasai walikuwapo kabla yao na wakabaki baada yao, wakaishi sakafuni na mifugo hadi walipoondolewa mwaka 1974. Miti ikabakiwa na tembo na kamera.

Hiyo njano ya shina ni kitu gani hasa? Kwangua ule unga kwa ukucha utaona kijani kibichi chini yake. Shina la olerai lina klorofili kama jani. Mti huu una vijani vidogo sana, kwa hiyo shina na matawi husaidia kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na gome lake halina budi kuwa jembamba ili mwanga upenye. Tunachokiita njano ni kijani kilichopakwa unga. Mbao yake haina njano hata kidogo: ni ya kahawia hafifu yenye wekundu kwa mbali, nzito, watu huitumia kwa nguzo za uzio.

Mwingereza George Bentham, mtaalamu wa mimea, aliuandika mti huu kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1875 na kuupa jina la xanthophloea, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: xanthos, njano, na phloios, gome. Jina la kwanza lilikuwa Acacia. Siku hizi ni Vachellia, kwa sababu wataalamu wa mimea waliokutana Vienna mwaka 2005 na tena Melbourne mwaka 2011 waliamua kwamba jina Acacia libaki na miti ya Australia. Afrika ikapoteza akasia zake zote kwa kura. Kwa bahati Kiswahili kilikuwa na mgunga wake, na mgunga haukusubiri mkutano wa mtu.

Jina la homa lina historia ya kusikitisha zaidi. Wazungu waliosafiri Afrika karne ya 19 walipiga kambi mahali penye maji na kivuli. Maji na kivuli vikipatikana pamoja nyikani, mara nyingi mgunga wa njano upo. Siku kadhaa baadaye msafiri anatetemeka, meno yanagongana, anakumbuka mahali alipolala, na anachokumbuka ni shina lile la ajabu linalong'aa usiku wa mbalamwezi. Mti ukahukumiwa. Rudyard Kipling akaitia miti hiyo kwenye hadithi yake ya mtoto wa tembo, katika kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 1902, na sifa mbaya ikasafiri hadi vyumba vya kulala vya watoto wa London.

Wakati huo mti ulikuwa umeshaachiwa huru. Agosti 1897, mjini Secunderabad nchini India, daktari wa jeshi Ronald Ross alipasua tumbo la mbu aina ya anofelesi na kuona humo vimelea vya malaria. Mkosaji alikuwa mbu. Mti ulikuwa shahidi aliyekutwa eneo la tukio.

Hapa huwa nacheka peke yangu garini. Wasafiri waliosoma vyuo vikuu waliutazama mti na mdudu kwa pamoja, wakaupa mti lawama. Wenyeji wa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, waliokaa na miti hiyohiyo kando ya mto huohuo, wao walitazama mahali pao wakapaita Mto wa Mbu.

Rangi yenye jina la kiungo

Kiswahili kina nyeupe, nyeusi na nyekundu zenye majina yao wenyewe. Rangi nyingine karibu zote tumezichukua kwenye vitu tunavyovishika. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau na chungwa ni matunda. Na njano ni manjano, lile tunguu la jamii ya tangawizi linalosagwa na kutiwa mchuzini. Mtu anayesema ameona basi la njano ametaja mmea wa kutia rangi bila kujua, kama vile anayetaja nili anavyoutaja mnili.

Manjano ndiyo rangi ya asili ambayo kila nyumba inayo na hakuna anayeihesabu kuwa rangi. Pwani, mwari anayeandaliwa kuwa biharusi husingwa kwa singo lenye manjano hadi ngozi ing'ae. Bara tunaijua kwa njia mbaya: tone la mchuzi kwenye kanzu nyeupe au shati la sare. Kila aliyewahi kufua doa hilo ameona kioja chake. Ukilipaka sabuni, linageuka jekundu, na mfuaji mgeni hushtuka akadhani ameharibu nguo. Akisuuza, njano inarudi. Akiianika juani siku mbili tatu, doa linafifia lenyewe hadi kupotea.

Kwenye doa hilo mna elimu nzima ya rangi za mimea. Njano ni rahisi kupata kuliko rangi zote. Majani mengi, magome mengi na maganda ya vitunguu huitoa kwa kuchemsha tu. Kazi ni kuizuia isiondoke. Jua huivunja. Maji huibeba. Ndiyo maana watia rangi wa zamani, kutoka India hadi Ulaya, walikiloweka kitambaa kwanza kwenye maji ya shabu, yale mawe meupe yanayouzwa kwa vinyozi na kwa wanaosafisha maji. Shabu hushika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine.

Na ule wekundu wa sabuni? Manjano hubadilika rangi ikikutana na kitu chenye tabia ya magadi. Chukua kijiko cha manjano, kiweke kwenye maji, tia kipande cha magadi kile unachotia kwenye maharage yakawahi kuiva. Maji yatageuka damu ya mzee papo hapo. Fundi wa rangi anayejua hilo anapata rangi mbili kwenye sufuria moja.

Magadi yananirudisha kretani, kwa sababu yanahusika na kesi nyingine ya mti uleule. Ngorongoro ni bakuli lisilo na tundu. Maji yanayoshuka kutoka misitu ya ukingoni hayana pa kutokea. Yanaingia Ziwa Magadi, jua linayakausha, chumvi inabaki. Msitu wa Lerai umesimama ukingoni mwa bakuli hilo, karibu na chumvi, na uhai wake unategemea maji baridi ya kijito kinachoshuka kutoka juu na kusukuma chumvi mbali na mizizi. Kwa miongo kadhaa migunga mingi mikubwa ya Lerai imekuwa ikikauka. Tembo ndio waliotajwa kwanza, na ni kweli huchuna magome na kuangusha miti. Lakini utafiti wa udongo uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta chini ya miti iliyokufa chumvi na magadi kwa wingi usiofaa. Kwa hiyo ukiuliza kijito kinapata maji kiasi gani, na kiasi gani kinachotwa kabla hakijafika sakafuni, unauliza pia kuhusu miti. Kuna pia tabia ya mti wenyewe: mche wa olerai hautaki kivuli, hivyo msitu huota kwa mkupuo mmoja na kuzeeka kwa mkupuo mmoja. Tembo anaonekana, chumvi haionekani. Mara ya pili katika historia yake mti huu unakutwa na kesi ambayo mtuhumiwa wa kwanza ni yule anayeonekana kwa macho.

Ule usiopigwa picha

Sasa tumtafute ndugu wa jina. Kuna jenasi nzima ya miti ambayo Linnaeus aliiita Zanthoxylum mwaka 1753, kwa Kigiriki kilekile cha Bentham: xanthos, njano, na xylon, mti au mbao. Alikosea herufi ya kwanza, akaandika Z badala ya X, na kosa limedumu hadi leo kwa kuwa sheria ya majina ya mimea inaheshimu aliyetangulia. Mmoja ana gome la njano, mwingine ana mbao ya njano. Kigiriki kimewafanya ndugu ingawa kwa ukoo hawajuani: mgunga ni wa jamii ya maharage, huyu mwingine ni wa jamii ya michungwa na milimau.

Kwa Kiswahili ni mjafari, kwingine mkunungu. Wamaasai wanamwita oloisuki. Wa tambarare kavu ni Zanthoxylum chalybeum. Wa misitu mikavu ya nyanda za juu za kaskazini ni Zanthoxylum usambarense, aliyepewa jina la Usambara. Utamtambua kwa shina. Gome lake ni la kijivu na limejaa vigutu vya mfano wa titi la mbuzi, kila kimoja na mwiba kwenye ncha, kana kwamba mtu alianza kutengeneza rungu akachoka. Si mti wa kuegemea. Fikicha jani lake, utanusa ndimu. Tafuna kijiti chake, ulimi utakufa ganzi kidogo. Binamu yake wa China ndiye anayetoa ile pilipili ya Sichuan inayowatia watu ganzi mdomoni na wakailipia.

Kwangua gome kwa kisu, na hapo utakuta ile njano. Ni njano ya kweli, mbichi, ya kung'aa, na kwenye mizizi inazidi. Jamii hii ina kemikali chungu za rangi ya manjano, na mojawapo inayopatikana kwenye spishi kadhaa ni berberini, iliyo pia kwenye vichaka vya miiba vya Berberis vinavyoota milima mirefu ya Afrika Mashariki. Berberini ni adimu miongoni mwa rangi za mimea kwa kuwa inashika hariri na sufu bila kusubiri shabu. Wachina waliijua siku nyingi. Walichemsha gome la mti wa huangbo, ambao nao ni wa jamii ya michungwa, wakatia rangi karatasi za vitabu vyao. Vitabu vya kale vilivyokutwa kwenye mapango ya Dunhuang, vingine vyenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, vina njano hiyo. Haikuwa kwa urembo peke yake. Uchungu wa gome uliwafukuza wadudu wanaokula karatasi.

Uchungu huohuo ndio unaotafutwa na Wamaasai. Oloisuki huingia kwenye supu, huingia kwenye chai, na ni miongoni mwa magome na mizizi inayochemshwa na nyama katika olpul, kambi ya porini ambako vijana hujitenga kula nyama na kujijenga mwili. Sufuria ya olpul ni sufuria ya rangi, ukiitazama kwa jicho la mtia rangi: kuna mizizi ya olkiloriti, mgunga mwingine, inayofanya supu iwe nyekundu ya kahawia kwa sababu ya tanini, kemikali ileile inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Hakuna aliyechovya kitambaa humo. Rangi inanywewa.

Na mjafari, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, umetumiwa na waganga wa mitishamba dhidi ya homa. Maabara nazo zimeyachukua magome ya jamii hii na kuyajaribu kwenye vimelea vya malaria ndani ya vichupa, na baadhi ya kemikali zake zimeonyesha nguvu. Kichupa si mwili wa mtu. Mwenye homa akapimwe zahanati. Ninachotaka kionekane ni mpangilio wa mambo. Mti wenye njano ya nje ulisingiziwa kuleta homa. Mti wenye njano ya ndani ulikuwa ukichemshwa kuitibu. Wageni waliujua wa kwanza kwa sababu ulikuwa mzuri.

Tatizo la njano ya ndani ni kwamba huipati bila kumjeruhi mwenyewe. Gome likichunwa kipande upande mmoja, mti hupona. Likichunwa kuzunguka shina zima, huo ni ukataji usiotumia shoka. Mizizi ikichimbwa, mambo ni yaleyale. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, halimruhusu mtu kukata mti mbichi apendavyo, na nje ya hifadhi, kwenye vichaka vya kuelekea Ziwa Eyasi, mchunaji hazuiwi na lango.

Kwinini iliyogeuka rangi

Kwa nini basi hatuna fundi wa njano sokoni Karatu, wakati mimea ipo? Jibu linaanzia London, na linaanza na homa.

Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alijifungia kwenye maabara ndogo nyumbani kwao mashariki mwa London. Alitaka kutengeneza kwinini. Dawa hiyo ya malaria ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini, ilikuwa ghali, na Uingereza ilikuwa na himaya yenye mbu wengi. Perkin aliichokonoa lami ya makaa ya mawe, akashindwa kupata kwinini, akapata uchafu mweusi. Alipousafisha kwa spiriti ukatoa zambarau ambayo haikufutika kwenye hariri. Ilikuwa rangi ya kwanza ya kiwandani iliyotikisa biashara ya dunia. Baada yake zilifuata nyingine nyingi, na mwaka 1897, mwaka uleule ambao Ross alimkamata mbu, kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza sokoni nili ya kiwandani. Mashamba ya nili ya India yalianza kufa. Kijana aliyetafuta dawa ya homa aliua kazi ya watia rangi.

Gome la kwinini lenyewe lilifika kwetu. Wajerumani walipofungua taasisi yao ya kilimo Amani, Usambara, mwaka 1902, mti huo ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda, na katika Vita ya Kwanza majeshi ya kamanda wao, Lettow-Vorbeck, yalinyweshwa dawa iliyotoka kwenye magome ya hukohuko.

Vita ya Pili ikairudisha njano kwa mlango wa nyuma. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, mashamba makubwa ya kwinini ya dunia yakawa mikononi mwao. Majeshi ya Waingereza na washirika wao yakageukia mepakrini, dawa ya kiwandani iliyozaliwa kutokana na utafiti wa rangi. Ilikuwa njano kama manjano, na aliyeimeza kila siku aligeuka njano ngozi. Watu wetu waliokwenda keya, yaani jeshi la Waingereza, wakapelekwa Burma wakapita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya malaria, walikuwa chini ya amri hiyo ya vidonge. Kiswahili tayari kilikuwa na homa ya manjano na ugonjwa wa manjano. Sasa kulikuwa na askari mzima wa afya, njano kwa sababu hakutaka homa.

Kwa seremala, kisha shambani

Mafundi wa mbao wana njano yao. Podo ya milima ya kaskazini ni ya njano hafifu, laini kwa randa, na ndugu yake wa Afrika Kusini ndiye mti wa taifa wa nchi hiyo. Mvule ukipasuliwa mbichi ni njano ya kushangaza. Uache mwezi mmoja kwenye mwanga, unakuwa kahawia tunaoujua kwenye milango. Kwa muda mrefu wataalamu waliuweka mvule kwenye jenasi moja na fustiki ya Amerika, mti ambao maranda yake yalichemshwa kwa karne kadhaa Ulaya kutoa njano. Ndugu mwingine wa ukoo huo, Osage orange wa Marekani, alitumika katika Vita ya Kwanza kutia kaki sare za askari wa huko. Kaki! Mtalii anayesimama juu ya gari akiipiga picha migunga ya Lerai amevaa rangi iliyowahi kupikwa kutokana na binamu wa mvule, wala hana habari.

Lakini mvule hauoti Karatu, podo ni mti wa kuheshimiwa, na mjafari hauvumilii wachunaji wengi. Ukitaka njano ya Karatu isiyoua mti, ingia shamba la kahawa.

Kila mwenye shamba kuelekea Oldeani ana mgrivea. Uliletwa kutoka Australia kuwa kivuli cha chai na kahawa, na umekaa hadi watu wamesahau kwamba ni mgeni. Ukichanua, maua yake ya dhahabu iliyoungua huita nyuki na ndege kutoka mbali. Kila mwaka hukatwa matawi ili kahawa ipate jua: kuni zinakwenda jikoni, majani yanabaki chini, kijani juu na fedha kwa chini. Huko kwao Australia, watia rangi kwa mimea huyachemsha majani hayo kupata njano safi. Huku tunayafagia.

Nilijaribu. Majani ya mgrivea yaliyojaa ndoo, sufuria kuukuu ambayo haitarudi kupikiwa chakula, saa moja motoni. Kitambaa cha pamba nilikiloweka usiku kucha kwenye maji ya shabu. Pembeni niliweka sufuria ndogo ya manjano ya dukani, ili njano mbili zishindane. Ile ya dukani ilitoka kali, ya kujisifu, ilipendwa na kila aliyepita uani. Ya mgrivea ilikuwa ya upole, njano ya siagi ya kienyeji, na mama jirani aliniuliza kama nimekosea kufua.

Vyote viwili nikavitundika dirishani upande wa jua la asubuhi. Leo ni Jumamosi ya pili. Kile cha manjano kimebaki na kivuli cha njano kwenye pindo tu, pale kilipokunjwa. Cha mgrivea kimepungua kidogo, na mama jirani ameniomba kipande.